Noti za mzee zimetangulia mstari, nikizikwantaizi wimbo unakufa. Ni mashine au ni mkono wake?

#1 Fundi Tandika

Habari zenu wakuu. Nina jambo linaninyima usingizi tangu wiki iliyopita.

Nina kichumba cha kurekodia hapa Tandika: laptopu moja, spika mbili, kibodi ya vitufe 61 inayoingia kwa USB. Jumamosi alikuja mzee mmoja aliyepiga kinanda kwenye taarab miaka mingi, jina nalihifadhi. Akaomba maji ya kunywa, akaniambia nipunguze metronomu inamgonga kichwani, kisha akapiga wimbo mzima mara moja tu, dakika nne na ushei. Tempo 92. Kibodi niliigawa mara mbili, mkono wa kushoto bezi, wa kulia nyuzi. Alipoinua mikono sikuwa na la kusema. Nilimsindikiza mpaka kituoni, nikarudi kufunga mlango na kusikiliza tena.

Usiku nikafungua piano roli, ule ukurasa unaoonyesha kila noti kama kijiti juu ya mistari ya mapigo, nisafishe. Bezi imekaa kwenye mstari vizuri tu. Nyuzi karibu zote zimetangulia, tiki 3, 4, nyingine 5. Natumia FL Studio, programu ya kurekodia, PPQ 96 kama inavyokuja, yaani kila pigo limegawanywa tiki 96. Nikashika Ctrl+Q, yaani kukwantaizi, kuvuta kila noti ikae kwenye mstari ulio karibu. Kila kijiti kikakaa mahali pake, ukitazama kioo unaridhika kabisa. Nikapiga plei, wimbo umekufa. Nyuzi zinasikika zimechelewa wakati macho yanaziona ziko palepale kwenye mstari. Halafu kuna sehemu alikuwa anavuta gurudumu la pichi, lile la kupandisha na kushusha sauti ya noti, kuitafuta ile Mi yake ya katikati. Sasa mvuto unaingia kwenye noti isiyo yake, sauti inatoka kama paka kabanwa mlangoni.

Nakala ya kwanza ninayo, nashukuru Mungu niliihifadhi. Mzee anarudi Jumamosi hii kusikiliza. Wajuzi, kwa nini noti iliyo sahihi inasikika imekosea? Na nirekebishe nini bila kumharibia mzee wa watu kazi yake?

#2 Nasoma Tu

Nimekaa mkeka wa mbele, nasubiri wajuzi.

#3 Mhandisi Kimara

Mkuu, kabla ya yote tuambie bafa ya kadi yako ya sauti, ile akiba ya sauti inayokusanywa kabla ya kutoka spikani, ulikuwa umeiweka ngapi siku hiyo.

#4 Fundi Tandika

1024. Laptopu yangu nikishusha inakwaruza.

#5 Mhandisi Kimara

Basi hapo hapo. Bafa ya sampuli 1024 kwa 44,100 kwa sekunde ni milisekunde 23 na kidogo. Maana yake mzee anabonyeza kitufe sasa, nyuzi zinamfikia sikioni baada ya milisekunde 23, na bado hujahesabu muda wa USB kuingia. Mpigaji mzoefu hasubiri umwambie. Baada ya vipimo viwili tu mkono wake unaanza kutangulia ili sauti itue pamoja na metronomu. Programu haijui alichokisikia, inaandika muda aliobonyeza.

Sasa piga hesabu. Tempo 92, pigo moja ni milisekunde 652. Gawa kwa 96, tiki moja ni kama 6.8. Tiki 4 ni 27. Bafa 23 na USB juu yake. Inalingana kabisa. Dawa: chagua nyuzi zote, zirudishe nyuma tiki 4 kwa pamoja, usikwantaizi. Utanishukuru.

#6 Dogo 220

Tiki 4 ni kitu kidogo mno jamani, nani anasikia tiki 4? Sisi huku kwenye singeli noti inatangulia tiki 4 na watu wanaruka.

#7 Mhandisi Kimara

Dogo, tiki haina urefu wake yenyewe, inafuata tempo. Wewe ukiwa 220, pigo ni milisekunde 273 na tiki ni chini ya 3. Tiki 4 zako ni milisekunde 11. Tiki 4 za huyu ni 27, zaidi ya mara mbili. Ndiyo maana ukichukua mdundo wa singeli ukaushusha tempo bila kugusa noti, makosa yote yaliyokuwa yamejificha yanatoka nje.

#8 Dogo 220

Hii nimeipokea mkuu. Kumbe ndiyo maana remiksi yangu ya polepole ilikuwa inayumba, na mimi nikawa nalaumu spika.

#9 Kinanda cha Jumapili

Mhandisi ameeleza vizuri, ila amelipita swali la gurudumu la pichi, na mimi naona nusu ya kifo cha huo wimbo iko hapo.

Nawapa kisa changu. Mimi hupiga kinanda kanisani na huwa narekodi mazoezi ya kwaya kwenye programu ya Cubase. Mwaka jana nilirekodi utangulizi wa piano kwa kutumia pedeli sana, nikakwantaizi, kesho yake nikawasikilizisha wenzangu. Kodi ya pili inaivamia ya tatu, ya tatu inakatwa kabla haijaisha. Nilikaa siku mbili nahariri vijiti, nikifupisha, nikirefusha. Mpaka nilipofungua orodha ya matukio, ile inayoandika kila kitu mstari kwa mstari, ndipo nikaona: noti zimehama, lakini CC64, yaani pedeli, zimebaki palepale nilipozikanyaga. Noti imesogea baada ya pedeli kuachiwa, nyingine imeingia pedeli ya kodi iliyopita ikiwa bado chini. CC64 kwenye vyombo vingi inasoma namna hii: 0 hadi 63 mguu uko juu, 64 hadi 127 uko chini.

Kwa hiyo kwantaizi ilihamisha watu ikaacha mizigo yao barabarani. Gurudumu la mzee ni vilevile. Lile halitumi tukio moja, linatuma mamia mfululizo, na hakuna hata moja linalojua ni la noti gani. Fundi, rudi kwenye nakala ya kwanza. Chochote utakachosogeza, kisogeze na mivuto yake.

#10 Fundi Tandika

Asante sana kaka. Nimefungua matukio ya pichi chini ya noti na ni kama ulivyosema, mawimbi yote yako mahali pa zamani. Kwenye ubeti wa pili mvuto unaanza kabla ya Mi na kuishia juu yake. Baada ya kwantaizi unaangukia kwenye Re, na Re haikuhitaji kuvutwa hata kidogo.

Hilo nimelielewa. Ila bado: hata sehemu ambazo hakugusa gurudumu, nyuzi zikiwa kwenye mstari zinasikika zimechelewa. Na Mhandisi, kama ni bafa, mbona bezi haikutangulia? Zote zilipita kadi moja, bafa moja, mpigaji mmoja, dakika ileile.

#11 Bint Malindi

Assalam aleykum. Mie hupiga fidla, nimekulia Unguja ila sasa niko Magomeni. Swali la mwisho la Fundi ndilo lenyewe, na jibu lake hulipati kwenye kadi ya sauti.

Nyuzi hazianzi kama bezi. Upinde ukigusa uzi, sauti inavimba kwanza ndipo inafika. Kila mpiga fidla anajua lazima aanze kabla, ili pale inapokolea ndipo pigo lilipo. Na mlio wa nyuzi wa kwenye kompyuta umetengenezwa hivyohivyo, taratibu. Mzee amesikia kwamba nyuzi zinapanda polepole, akazitanguliza. Bezi inapiga papo hapo, akaiweka kwenye mstari. Mikono miwili, sauti mbili, hesabu mbili, na kazifanya pamoja bila kufikiri. Ulipokwantaizi uliuweka mstarini mwanzo wa kuvimba, na sikio halisikilizi mwanzo, linasikiliza kukolea.

Usiniamini kwa maneno. Chukua noti moja ya nyuzi, itoe iwe sauti, ikuze kwenye kioo uone inachukua muda gani kutoka kimya mpaka kujaa.

#12 Mzee wa Atari

Bint Malindi amesema neno. Mimi nilianza na Atari ST, ile kompyuta ya 1985 iliyokuja na matundu yake yenyewe ya MIDI, lugha ya vyombo na kompyuta kupashana noti. Cubase ya kwanza kabisa ya 1989 ilitoka kwa mashine hiyo. Tulikuwa na moduli mbili tu za kutoa sauti, na kila mlio wa nyuzi tulikuwa tunautanguliza kwa kitufe cha dilei ya traki, hasi 20, hasi 30, kwa sikio. Noti zinabaki safi kwenye gridi, traki nzima ndiyo inatangulia.

Ila kuna jambo jingine hamjalisema. Huyu kijana amerekodi kwa PPQ 96. Maana yake kila alichopiga mzee kimelazimishwa kwenye hatua za karibu milisekunde 7. Tayari kimepoteza ukweli wake kabla hata ya hiyo Ctrl+Q. Wenye programu za Logic na Reaper wanatumia 960. Panda hadi 960 kwenye mipangilio ya mradi, umrekodi upya.

#13 Mama Studio

Shikamoo Mzee wa Atari. Hapo kwenye 96 sikubaliani nawe. MPC60, mashine ya midundo ya Akai aliyoisanifu Roger Linn, ya 1988, ilikuwa na PPQ 96 hiyohiyo, na mpaka leo watu wanaisifia kwa mdundo unaotembea. Kama 96 ingekuwa inaua, ingeiua ile kwanza. Kuzungusha kwenda tiki ya karibu kunakukosesha nusu tiki, hapo ni milisekunde 3 na kitu. Mzee huyu ametangulia tiki 4.

#14 Mzee wa Atari

Marahaba mwanangu. MPC ni ngoma, hapa ni nyuzi zenye kodi za vidole vinne. Vidole vya mpigaji havitui pamoja, na ule mpishano mdogo ndio unaofanya kodi isikike imepigwa na mtu. Kwa 96 vidole vyote vinaweza kuangukia tiki moja. Nakubali haielezi tiki 4. Inaeleza kwa nini kodi imekuwa ngumu.

#15 Sauti ya Buguruni

Wakuu, mimi naona ni waya wa MIDI wenyewe uko taratibu. MIDI ni teknolojia ya zamani ya Yamaha, noti zinapanga foleni moja moja kama daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni.

#16 Mhandisi Kimara

Foleni ipo kweli, mengine turekebishe. Yamaha walishiriki pamoja na Wajapani wengine, lakini waliosukuma jambo ni Dave Smith wa Sequential Circuits Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Roland. Januari 1983 kwenye NAMM, maonyesho ya vyombo vya muziki, waliunganisha sinthi zao (vinanda vya elektroniki), Prophet-600 na Jupiter-6, mbele za watu, zikaongea.

Waya ule wa pini tano unapitisha biti 31,250 kwa sekunde. Noti moja ni baiti tatu, karibu milisekunde 1. Kodi ya noti nane inaweza kufika milisekunde 8 kutoka ya kwanza hadi ya mwisho. Lakini Fundi ametumia USB moja kwa moja, ambayo haina kikomo hicho. Na foleni huchelewesha. Haijawahi kumfanya mtu atangulie.

#17 Kinanda cha Jumapili

Nichomekee hapo kwenye waya. Nilinunua Kariakoo waya wa kugeuza MIDI kwenda USB, elfu kumi na tano. Ukipiga taratibu hauna neno. Siku nilipovuta gurudumu huku nikiachia kodi, noti moja ya juu ikabaki inalia. Ibada inaendelea, mchungaji ameinua mkono aanze kuomba, na Sol yangu inaning'inia juu ya vichwa vya watu. Tukio la kuachia noti lilipotea kwenye msongamano, basi sinthi haikujua kidole kimeondoka. Aliyeniokoa ni kitufe cha kunyamazisha noti zote, ile CC123. Siku hizi naenda na waya wa bei ya kueleweka.

#18 Sauti ya Buguruni

Nimeelewa, Mhandisi. La foleni kutomtanguliza mtu sikuwa nimelifikiria.

#19 Fundi Tandika

Bint Malindi, nimefanya ulivyoniagiza jana usiku, umeme uliporudi. Nimeandika noti moja ya nyuzi, Sol, velositi (nguvu ya kubonyeza) 65 maana wastani wa mzee kwenye ubeti uko hapo. Nimeitoa ikawa sauti, nikaikuza mpaka wimbi likajaza kioo. Mwanzoni mstari uko bapa kabisa, halafu unaanza kutetemeka, halafu unanenepa kidogo kidogo kama chapati inavyojaa hewa. Mpaka kujaa ni milisekunde 40 hivi.

Kwa hiyo nina 23 ya bafa na 40 ya nyuzi, na mzee ametangulia 27. Hakuna iliyolingana sawasawa.

#20 Bint Malindi

Hailazimiki kulingana na 40. Hakuna asubiriye sauti ijae kabisa ndipo aseme imefika. Sikio linaikubali njiani.

#21 Mhandisi Kimara

Dada, hapo ukiruhusiwa kuchagua "njiani" ni wapi, namba yoyote itakufaa.

#22 Bint Malindi

Na wewe kaka uliongeza "USB juu yake" mpaka 23 ikawa 27. Sote tumesogeza kidogo. Na bezi bado hujanijibu.

#23 Mhandisi Kimara

Bezi: kwenye spika ndogo mwanzo wa noti ya bezi hausikiki vizuri. Mkono wa kushoto haukuwa unajisikiliza, ulikuwa unafuata metronomu kwa mwili. Wa kulia ndio uliokuwa unajisikiliza na kujirekebisha. Sina uthibitisho, ila nimewaona wapigaji wengi wakifanya hivyo.

#24 Mzaramo wa Kisarawe

Nimesoma kuanzia juu mpaka hapa na ninaona mnamtibu mzee kama mashine mbovu. Mimi nimekua kwenye ngoma. Mdundiko ukipita mtaani, kila ngoma ina mahali pake, na mahali pale si kwenye mstari wenu. Ngoma ndogo inamchokoza mkubwa, inamtangulia makusudi, na mkubwa anakaa. Ukizilinganisha zote kwenye gridi ya moja ya kumi na sita, miguu ya watu inasimama. Isitoshe, ngoma nyingi za huku zinatembea kwa tatu juu ya mbili, na gridi ya nne nne haina hata mistari ya kuzipokea.

Fundi, nakuomba kitu kimoja. Usituambie wastani. Tuandikie tiki za noti moja moja, za ubeti, halafu za kibwagizo.

#25 Fundi Tandika

Nimezihesabu kwa mkono. Ubeti wa kwanza, noti nane za mwanzo za mkono wa kulia, zimetangulia hivi: 3, 4, 4, 3, 5, 4, 4, 5. Kibwagizo, pale anapojibizana na waimbaji: 1, 0, 1, 2, 0, 1, 1, 0.

Sikuwa nimeliona hili. Nilikuwa nakwantaizi tu wimbo wote.

#26 Mzaramo wa Kisarawe

Haya sasa. Bafa ilikuwa 1024 kwenye ubeti na 1024 kwenye kibwagizo. Nyuzi zilezile. Kadi haibadiliki, mtu ndiye amebadilika. Kwenye ubeti anachokoza, kwenye kibwagizo anakaa na wenzake. Huo ni mkono, tena wa mtu anayejua anachofanya.

#27 Mhandisi Kimara

Kwa kibwagizo nakuachia. Hitilafu ya mashine kwenye FL ya 96 ingeyumba tiki moja huku na huku, isingeruka kutoka 4 hadi 1. Bado nasema bafa imechangia kwenye ubeti.

#28 Bint Malindi

Msikimbie. Fundi, velositi za kibwagizo ngapi?

#29 Fundi Tandika

Kibwagizo anapiga kwa nguvu. 108, 112, 115, nyingi zimepita 105. Ubeti ni 60 hadi 70.

#30 Bint Malindi

Basi andika noti ileile ya Sol kwa velositi 112 uipime tena. Milio mingi ya nyuzi imeundwa hivi: ukigusa taratibu inavimba polepole, ukigonga inaingia haraka. Kama kwa 112 inajaa mapema, mzee hakuhitaji kutangulia, na ndiyo maana hakutangulia.

#31 Fundi Tandika

Nimepima. Kwa 112 inajaa kwenye milisekunde 15 hivi.

#32 Mzee wa Atari

Lo. Nimesoma hiyo namba mara mbili.

#33 Mzaramo wa Kisarawe

Dada umenikamata, ila hujanimaliza. Kwani anapiga kwa nguvu kwenye kibwagizo kwa sababu gani? Kwa sababu hapo ndipo wote wanakutana. Nguvu na kukaa pamoja ni jambo moja kwa mpiga ngoma. Wewe umepima mlio, hujampima mtu.

#34 Mama Studio

Niseme upande wa kazi, maana Jumamosi inakuja na Fundi ana mgeni. Sinza nina wateja wa bongo fleva wanaotaka kila kitu kwenye mstari, na nyimbo hizo zinawafaa hivyo. Kwa wapigaji wazima sikwantaizi asilimia mia. Nasogeza nusu ya njia: iliyotangulia 4 inabaki imetangulia 2. Jaribu, ukisogeza na mivuto ya pichi.

Jambo la kuepuka ni kile kifaa cha kubahatisha, Alt+R. Vijana wanakwantaizi mpaka wimbo unakauka, halafu wanarushia noti bahati nasibu eti irudi ya kibinadamu. Tazama namba za mzee hapo juu. Kuna ya bahati nasibu hata moja?

#35 Dogo 220

Mama Studio mimi natumia Alt+R kila siku kwenye velositi za haihati. Nikizichora zote zinakuja na ileile 100 ya programu, zinasikika kama cherehani.

#36 Mama Studio

Haihati za 220 zitakuvumilia mwanangu. Ila siku moja kaa uzichore mwenyewe kwa dakika kumi, yenye nguvu na inayojibu, yenye nguvu na inayojibu. Utaniambia.

#37 Nasoma Tu

Samahani kwa kuwatoa njiani. Ile Mi ya katikati ni nini? Si Mi wala si Mi bemoli?

#38 Bint Malindi

Ndiyo, ipo kati yao. Kwenye maqam ya Rast, mojawapo ya ngazi za muziki wa Kiarabu, ukianzia Do, daraja la tatu linashuka robo ya toni. Qanuni ina vishikizo vyake vidogo vya kuipata, fidla na udi huipata kwa kidole, na kinanda cha kawaida hakina kitufe chake. Ndiyo maana mzee anavuta gurudumu.

Fundi, kwenye namba ni hivi. Gurudumu lina hatua 16,384, katikati ni 8192. Kama sinthi imewekwa semitoni 2 kwenda kila upande, ambayo ndiyo desturi, robo ya toni kushuka ni hatua 2048, yaani 6144. Angalia mzee alifika ngapi.

Na jihadhari: mvuto wa pichi unashika chaneli nzima, yaani noti zote zinazopita njia hiyo. Akiwa ameshikilia Sol juu ya Mi, na Sol inashuka nayo.

#39 Fundi Tandika

Nimeangalia. Anatulia kati ya 6300 na 6500, hafiki 6144. Nikimwandikia 6144 kamili ndiyo sahihi?

#40 Bint Malindi

Hapana, tafadhali usiiguse. Ile robo ni ya vitabuni. Mi ya Rast kila mji una yake, na aliyezoea kupiga huku pwani ana yake ndani ya sikio. Kama vituo vyake vyote vimekaa karibu karibu hivyo, basi amefika alikokuwa anakwenda.

#41 Kinanda cha Jumapili

Ukitaka Sol isishuke, FL inaruhusu kila noti iwe na pichi yake ndogo kwenye sifa za noti. Vyombo vya FL vyenyewe vinaisoma, ila plagini nyingi za nje, vyombo vya kuongezea, hazisomi. Njia nyingine ni kuhamishia Mi kwenye chaneli yake peke yake, na mivuto uipeleke huko.

#42 Dogo 220

Si kuna MIDI 2.0 siku hizi? Hiyo itamaliza haya yote.

#43 Mhandisi Kimara

Imetoka 2020. Velositi inatoka hatua 128 inakwenda 65,536, na pichi ya noti moja moja imo. Kibodi ya Fundi haina hiyo. Hata ikiwa nayo, haitakuambia noti iwekwe wapi.

#44 Fundi Tandika

Wakuu, leo ni Jumapili. Mzee alikuja jana.

Niliandaa matoleo matatu. La kwanza lake kama lilivyo. La pili nimerudisha nyuzi tiki 4 kwenye ubeti tu, na mivuto yake, kama alivyosema Mhandisi. La tatu nusu ya njia, kama alivyosema Mama Studio. Ngoma nilikuwa nimezichora mimi, ziko kwenye mstari. Sikumwambia lipi ni lipi.

La pili alisikiliza vipimo vinne akatikisa kichwa. La tatu alisikiliza mpaka mwisho, akasema "huyu anaogopa". La kwanza alifumba macho, kidole kimoja kinagonga goti. Kisha akafumbua macho akauliza nani kapiga ngoma. Nikasema mimi. Akaniambia: "Ngoma yako imechelewa, mwanangu."

Nikatanguliza ngoma zote tiki 3 kwenye ubeti, bezi nikaiacha. Akacheka kwa furaha, akaniambia niongeze sauti. Nami nimesikia kabisa, wimbo umesimama. Ila sasa bezi iko nyuma ya kila mtu, nikamuuliza kama niisogeze. Akasema "bezi iache ikae, mwenye nyumba hakimbii."

#45 Mzaramo wa Kisarawe

Mkubwa anakaa, mdogo anachokoza. Nililiandika kule #24 kabla mzee hajaja.

#46 Mhandisi Kimara

Nampa mzee heshima yake, ila ngoma zinajaa papo hapo. Zimepelekwa kwenye muda aliobonyeza mzee, ambao ndio muda uliosogezwa na bafa. Hii haijanipinga.

#47 Bint Malindi

Mimi pia haijanipinga. Fundi, kuna njia moja ya kujua. Akirudi mwekee mlio wa piano apige wimbo huuhuu, bafa ileile. Piano haivimbi. Kama bado ametangulia 4 kwenye ubeti, basi si nyuzi, nitakubali mbele ya wote.

#48 Mhandisi Kimara

Halafu apige mara ya pili bafa ikiwa 128, hata laptopu ikwaruze. Tutajua yote kwa siku moja.

#49 Mzee wa Atari

Na PPQ 960 kijana, tafadhali.

#50 Fundi Tandika

Nimempigia simu sasa hivi. Anasema piano atapiga, Alhamisi baada ya alasiri, ila si wimbo huu. Wimbo huu ni wa nyuzi.